Msitupime kwa GB tu, wengine laini zetu haziruhusu

Mhariri salaam na pole na kazi, naomba kanafasi niongee na wanaosimamia makundi ya kugawana mafaili kwa torenti, yani njia ya watu kuchukuliana faili kompyuta kwa kompyuta, najua vijana wengi wa Mbeya wanasoma hapa na wengine ndo wasimamizi wenyewe.

Juzi nimetolewa kwenye kundi moja eti mimi mnyonyaji, nachukua sirudishi. Imeniuma sana. Nilichukua Ubuntu 24.04, programu ya bure kabisa na wenyewe wanaigawa kwa torenti, ina karibu GB 6, na sheria ya kundi ukichukua GB 6 urudishe GB 6, yani wengine nao wachukue GB 6 kutoka kwako. Sasa mimi niko huku Isyonje natumia bando la simu, bando linakatwa ukidaunlodi na linakatwa tena ukiaplodi, kwahiyo faili moja linataka GB 12, mtoto wa mkulima anazitoa wapi jamani?

Na siyo hela tu. Niliacha kompyuta inawaka usiku tatu mfululizo watu wachukue kwangu, zikatoka MB 200 hivi basi. Nikaja kuelewa kumbe anwani za IPv4, zile namba za kutambulisha vifaa kwenye intaneti, ziko kama bilioni 4.3 tu dunia nzima, hazitoshi, ndo maana mitandao ya simu inaweka wateja wengi kwenye anwani moja, mtu wa nje akibisha hodi haijulikani anamtaka nani, anarudi alikotoka. Halafu torenti yenyewe tangu Bram Cohen aitengeneze 2001 inampa zaidi anayerudisha kwa kasi, yani mwenye laini nzito ameshacheleweshwa na programu, ndo kundi nalo linakuja kumfukuza.

Huku kwetu jirani akinikopesha debe la mbegu ya viazi hanidai kabla sijavuna, na mvua ikiharibu tunakaa tunaongea. Hawezi kuniita mwizi.

Tena kuna kutoa ambako hamkuoni kabisa. Lile faili moja nimewawekea kwenye flashi walimu wanne na fundi kompyuta mmoja wa Mwanjelwa, na yeye anawawekea wateja wake, hakuna hata MB moja ya hizo iliyohesabiwa kwa jina langu.

Ninachoomba ni hesabu ya muda. Programu ya torenti inaonyesha faili limeachwa wazi masaa mangapi, pimeni hayo, mtu akikaa wazi tuseme masaa 72 mhesabuni amerudisha hata kama hakuna aliyefika kuchukua. Anayefuta faili dakika ileile limeisha huyo mtoeni, sina neno, ila msituchanganye naye.

Faili bado ninalo, mkinirudisha hata leo usiku naliacha wazi.

Msomaji wako,
Isyonje, Mbeya