Ushindi wa mezani alioukataa Muldoon

Ndugu Mhariri,

Katika orodha ya mabingwa wa Kombe la Stanley, kombe la mpira wa magongo wa barafuni, mliyoichapa kwenye kurasa zenu za michezo, mwaka 1919 mmeweka kistari na pembeni mkaandika "haikuchezwa". Naomba mrekebishe. Fainali ya mwaka ule ilichezwa, tena michezo mitano mizima, na mchezaji mmoja hakurudi nyumbani kwake.

Naishi Kent, nje kidogo ya Seattle, mji uliopokea fainali ile, na mpira wa magongo wa barafuni nimeujulia huku huku ukubwani. Kila ninaposhuka basi katikati ya mji hupita Fifth Avenue, ambako uwanja wenyewe ulikuwepo. Leo limesimama ghorofa la maofisi. Uwanja uligeuzwa gereji ya magari mwaka 1924, timu ya Seattle ilipovunjika, na baadaye ukabomolewa kabisa.

Enzi hizo bingwa wa mashariki alikutana na bingwa wa pwani ya Pasifiki. Ligi ya NHL, ile ya mashariki, ilikuwa katika msimu wake wa pili tu, ina timu tatu. Montreal Canadiens walivuka Kanada kwa treni kuja kuwakabili Seattle Metropolitans, wale wale waliowafunga mwaka 1917 na kuwa timu ya kwanza kutoka Marekani kulitwaa kombe hilo. Hata kanuni hazikufanana: magharibi walicheza watu saba kila upande, mashariki sita. Wakakubaliana kupokezana, leo za kwenu, kesho za kwetu.

Machi 19 Seattle walishinda 7-0. Kwenye mchezo wa pili Montreal wakajibu 4-2, na mabao yote manne alifunga Newsy Lalonde peke yake. Wa tatu Seattle wakapiga 7-2, safari hii manne yakiwa ya Frank Foyston. Halafu ukaja mchezo wa nne, Machi 26, ambao mimi ningetoa chochote niuone. Golini upande mmoja alikuwa Georges Vézina, upande wa pili Hap Holmes. Dakika 60 zikaisha bila bao. Wakaongezewa 20, bado hakuna aliyepitisha kitu. Tukumbuke kwamba wachezaji wa akiba walikuwa wachache mno siku hizo; wengi waliingia mwanzo wakatoka mwisho, na leo timu hubadilisha watu kila dakika moja au pungufu. Mchezo wa tano Seattle waliongoza 3-0, Montreal wakasawazisha yote, na Jack McDonald wa Montreal akafunga la nne kwenye muda wa nyongeza. Wakawa wameshinda mara mbili mbili, na sare moja.

Mchezo wa kuamua ulipangwa Aprili 1. Haukuanza. Wachezaji kadhaa wa Montreal, pamoja na meneja wao George Kennedy, walikuwa wamelala na joto kali la homa ya mafua iliyoanza kuua dunia nzima mwaka 1918, ile ile iliyopita Afrika Mashariki na kuwakuta watu wetu wamechoshwa na njaa na upagazi wa vita. Seattle ilikuwa imeshavaa barakoa na kuzivua, watu wakidhani yamekwisha.

Na hapa ndipo kistari chenu kinaponiuma. Kennedy aliomba aazimwe wachezaji wa timu ya Victoria ili mchezo uendelee. Frank Patrick, rais wa ligi ya Pasifiki, akakataa. Kennedy akasema basi, kombe lichukuliwe na Seattle. Sisi tuliolelewa na soka la Bongo tunaujua ushindi wa mezani: wenzako hawakutokea, unaandikiwa pointi tatu na mabao matatu, unaondoka. Hakuna anayekulaumu, kanuni zinaruhusu. Kocha wa Seattle, Pete Muldoon, angeweza kufanya hivyo na jina la timu yake lingechongwa kwenye kombe kwa mara ya pili. Alikataa. Alijua wenzake hawakukimbia, wamelala wagonjwa katika mji wake. Metropolitans hawakulipata kombe lile tena hadi timu ilipokufa, kwa hiyo alichokiacha siku ile kilikuwa kikubwa.

Joe Hall, mchezaji wa Montreal, alifariki Aprili 5 hapo hapo Seattle, siku nne baada ya mchezo uliofutwa. Homa ilishuka kifuani ikawa nimonia. Alikuwa na miaka 37. Alizaliwa Uingereza, akakulia Manitoba, akacheza beki kwa ukali uliomfanya aitwe "Bad Joe", na alikuwa ameshatwaa kombe mara mbili na Quebec Bulldogs, 1912 na 1913. Alizikwa Vancouver.

Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nimonia naijua kwa sauti. Pumzi inakuwa fupi, mgonjwa anahangaika na mto akitafuta pa kuegemea, midomo inabadilika rangi, na kila akikohoa anashika ubavu. Sisi tuna oksijeni, tuna dawa ya kumwekea kwenye mshipa, na bado zipo alfajiri tunashindwa. Hall hakuwa na dawa ya kuua vijidudu. Penisilini yenyewe iligunduliwa mwaka 1928. Huyu ni mtu aliyekuwa akigongana na wanaume barafuni wiki moja tu kabla. Siku niliposoma habari yake mara ya kwanza nilikuwa zamu, na nilisimama nikaenda kuwatazama wagonjwa wangu wawili waliokuwa na kifua, ingawa nilikuwa nimetoka kwao muda si mrefu. Kennedy naye hakupata tena afya yake, akafa mwaka 1921.

Kombe lenyewe halikuandika kitu kwa miaka mingi. Lilipoundwa upya mwaka 1948, ndipo yalipochongwa majina ya timu zote mbili, Montreal Canadiens na Seattle Metropolitans, na chini yake maneno yanayosema mfululizo haukukamilika. Haukukamilika, Ndugu Mhariri. Si kwamba haukuchezwa.

Naomba basi toleo lijalo liandike hivyo mbele ya 1919: timu zote mbili, 2-2 na sare moja. Kama nafasi ipo, mstari mmoja uongezwe kwa Joe Hall.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Kent, jimbo la Washington