Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wakulima Wadogo wa Chai, Mufindi

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na suala la mizani ya kituo tumelijadili vya kutosha kwenye vitongoji. Nitazungumzia mashina ya chai yanayokauka kwa mafungu.

Wapo waliolaumu mbolea, wengine ukame. Nimesikia hata jirani akitajwa. Anayeua chai ni uyoga. Chimbua shina linalonyauka, bandua gome pale mzizi unapoanzia: utakuta utando mweupe unaonukia uyoga, na mara nyingi mzizi umepasuka kwa urefu. Uyoga wenyewe huchipuka kwa nadra, hivyo msiusubiri.

Jenasi yake ni Armillaria, familia ya Physalacriaceae. Zamani vitabu viliuita Armillaria mellea kila mahali, Ulaya hadi huku kwetu. Mwaka 1978 Korhonen wa Ufini alizikutanisha kuvu za Ulaya maabara, akapata makundi matano yasiyozaliana: spishi tano chini ya jina moja. Wa Afrika nao una majina yake, Armillaria heimii alilotoa Pegler mwaka 1977, na Armillaria fuscipes alilotoa Petch mwaka 1909 huko Sri Lanka. Wako wataalamu wanaosema hizo mbili ni spishi moja; ugomvi huo tuwaachie wenyewe.

Kinachotuhusu ni hiki. Vitabu vya Ulaya vinaeleza nyuzi nyeusi mfano wa kamba za viatu zinazotambaa udongoni. Barani kwetu nyuzi hizo ni nadra kuonekana udongoni. Ugonjwa hupita mzizi unapogusa mzizi. Kwa hiyo mtu asichimbe, akakosa kamba nyeusi, akarudi nyumbani ametulia.

Chanzo kikubwa ni visiki vya msitu na vya miti ya kivuli. Mti ukikatwa ukiwa na nguvu, mizizi hubaki na wanga, na kuvu hula humo miaka mingi. Ndiyo maana gome humenywa kuzunguka shina kwanza, mti ufe polepole na kumaliza akiba yake, ndipo ukatwe na kung'olewa. Shina la chai lililougua ling'olewe na mizizi yake yote, lichomwe papo hapo. Yule muuzaji aliyepita na dawa ya kunyunyizia majani hakutuuzia tiba. Ugonjwa uko chini.

Kamati inaomba mkutano upitishe kwamba anayetaka kukata mti ndani ya shamba la chai au pembeni yake amwone kwanza katibu wa kitongoji. Najua kuni haziwezi kusubiri mwaka mzima, kwa hiyo mti wa kukatwa mwakani umenywe gome sasa.

Namkaribisha mhazini, uchaguzi wa wajumbe utafuata.