Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, watu wa labo, Bukavu

Bandugu,

Mikutano minne tulifanya, matanga mawili tulienda pamoja, mgonjwa wetu wa Bagira tulimtembelea, kadi mpya zimetoka. Hayo munayajua.

Nakuja kwa ile maneno ya mwezi wa kumi na mbili, ya feti na maharage. Ni kweli ni mimi nilifuta feti (sherehe) ya chama, dola 140 zikaenda kwa siku ya masomo juu ya mikrobe (vijidudu), na sijuti. Tuko 43, mulikuja 12, na kati yenu watatu walifuata soda. Halafu wale hawakufika njo wanasema mwenyekiti amekula maharage ya chama!

Maharage yalikuwa ya kazi. Nilihesabu kumi, nikatikisa ndani ya kikombe, nikamwaga juu ya sahani mbili zimebanana: saba huku, tatu kule. Tena: tano kwa tano. Tena: nane kwa mbili. Njo vile mikrobe inajigawa. E. coli, mikrobe ya matumbo, akishiba anaweza kugawanyika kila dakika 20, ADN yake, njo urithi, inakopiwa ile ile, lakini protini zingine ni chache sana, ile inafunga jeni za kula laktozi (sukari ya maziwa) iko kama kumi tu, basi mtoto mmoja anabeba nyingi ndugu yake chache, mwenye chache jeni inawaka, kwa mwenye nyingi inabaki imezimwa. Mwaka 2002 Michael Elowitz na wenzake walitia jeni za rangi mbili ndani ya E. coli wa ukoo mmoja, kila mmoja akang'aa kivyake.

Munasema eti haituhusu sisi watu wa labo? Joseph Bigger mwaka 1944 alimwagia stafilokoki, mikrobe ingine, dawa ya penisilini, kama mmoja kwa milioni akabaki hai, na watoto wake wakirudishiwa dawa wanakufa kama kawaida. Sio sugu, ni ndugu wa wale wale, alikuwa amelala tu, dawa ikampita. Sasa mgonjwa anarudi hajapona, antibiogramu (kipimo cha dawa gani inaua mikrobe) inasema dawa inafaa, lawama kwa nani? Mimi nilishatukanwa mbele ya wagonjwa kwa matokeo yaliyokuwa sawa kabisa.

Kotizasio: dola moja kwa mwezi! Waliomaliza mwaka 15, nusu mwaka 9, wengine 19 kimya, deni dola 282, kese iko na 61. Statuti (sheria za chama) tulisaini ile ile wote, lakini mmoja analipa mwingine hapana, nayo sijui ni maharage gani.

Mwaka ujao Mungu akisaidia tutatafuta mikroskopu, labda na feti, tutaona.

Maharage yenyewe, kilo moja ya soko la Kadutu, yako kwangu, yamepungua yale mulikanyaga. Anayetaka aje ahesabu.