Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ulitazama Nakala Ipi?

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu mara moja kwa mwaka na kueleza chama kimefanya nini. Ya hesabu atayasoma Mweka Hazina, na mahudhurio ya vikao yamo kwenye kabrasha mlilopewa mlangoni, kwa hiyo sitayarudia. Muda wangu nataka niutumie kwenye jambo moja lililotusumbua tangu mwanzo wa mwaka na kutugombanisha, nalo ni maoni yetu juu ya filamu za kale tunazozitazama majumbani.

Utaratibu mnaujua. Kila mwezi tunachagua filamu moja, kila mmoja anaitazama kwake kwa kanda, diski au faili alilonalo, anaandika maoni yake, kisha tunakutana kuyajadili. Haukutupa shida mpaka tulipofika kwenye Metropolis.

Filamu hiyo ya Fritz Lang ilioneshwa kwa mara ya kwanza Berlin, Januari 1927. Baadhi yenu mliandika kwamba majengo na mitambo yake inastaajabisha, lakini hadithi haina kichwa wala miguu. Mvumbuzi Rotwang anaunda mtu wa chuma kwa sababu gani? Kijana Freder anabadilishana nguo na mfanyakazi wa mitamboni, na mfanyakazi huyo anapotelea wapi? Wengine mliandika kinyume kabisa, kwamba hadithi imefungamana vizuri na kila mhusika ana sababu ya analolitenda. Kikao kikawa moto. Walioisifu waliambiwa wanasifu jina la filamu tu, na walioikosoa wakaambiwa hawajui kutazama. Mimi, niliyekuwa nimekalia kiti, nilikuwa upande wa wakosoaji, na nilifunga mjadala kwa kutamka kwamba filamu imeshindwa kujieleza. Nilikosea. Wale niliowanyima nafasi ya kujibu nawaomba radhi leo mbele ya mkutano.

Siku chache baadaye mjumbe mmoja wa kamati alishauri kila mtu alete nakala yake, tuziweke mezani na tulinganishe urefu wake. Moja ilikuwa chini ya saa mbili. Nyingine ilikaribia saa mbili na nusu. Tulikuwa tumegombana kikao kizima juu ya filamu mbili tofauti.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa kuwa ndipo lilipo funzo kubwa la mwaka. Baada ya maonyesho ya Berlin, filamu ilikatwa kwa ajili ya soko la Marekani, na baadaye Ujerumani kwenyewe ikazungushwa ikiwa imekatwa vivyo hivyo. Karibu robo yake ikapotea. Miongoni mwa vilivyotupwa ni habari ya mwanamke aitwaye Hel. Rotwang alimpenda, yeye akaolewa na mtawala wa jiji, kisha akafariki alipomzaa Freder. Mtu wa chuma ni jaribio la Rotwang la kumrudisha marehemu. Waliokata filamu Marekani waliona jina Hel linafanana mno na neno la Kiingereza la jehanamu, wakamwondoa mwanamke mzima na kisa chake. Bila Hel, Rotwang anabaki mwendawazimu asiye na sababu. Mfanyakazi aliyebadilishana nguo na Freder naye alikuwa na safari yake ndefu jijini, ikaenda na mkasi.

Mwaka 2008 iligundulika nakala karibu kamili katika jumba la makumbusho ya filamu Buenos Aires, Argentina. Ilikuwa imenakiliwa kwenye filamu nyembamba ya milimita 16 kutoka nakala kubwa iliyochakaa, na michubuko yote ya ile ya zamani ikahamia humo moja kwa moja. Toleo lililokarabatiwa lilioneshwa mwaka 2010 likiwa na takriban dakika 25 zilizorudishwa. Ukilitazama utazitambua mara moja, kwa kuwa picha inageuka ghafla na kujaa mistari kama mvua. Kuna mwanachama aliyeandika kwamba diski yake ni mbovu. Haikuwa mbovu hata kidogo. Ile michubuko ndiyo gharama ya kumpata Hel tena.

Kasoro tulizompachika mwongozaji zilikuwa za mkasi. Baada ya hapo kamati iliamua kuyapitia upya maoni ya miezi iliyotangulia, na tukakuta mambo ambayo sikuyatarajia.

Tuanze na filamu ya Carl Theodor Dreyer ya mwaka 1928, La Passion de Jeanne d'Arc, inayoonesha kesi ya binti Jeanne mbele ya mahakimu. Mwanachama mmoja aliandika kwamba nyuso za mahakimu zinabadilika haraka mno, hata uchungu wa binti yule haupati nafasi ya kumfikia mtazamaji. Mwingine akaandika kwamba filamu inakwenda polepole kama ibada. Tuliwacheka wote wawili, na haikuwa haki. Enzi za filamu bubu kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono na kasi haikuwa moja. Fremu 24 kwa sekunde zilikuja kuwa kanuni sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920. Filamu hii inauzwa kwa kasi zote mbili, na kuna diski zinazokupa uchague mwenyewe. Kwa fremu 24 inachukua dakika 81, kwa fremu 20 inachukua dakika 97. Dakika 16 zaidi za kuutazama uso wa Falconetti, mwigizaji wa Jeanne, si jambo dogo. Hata muziki hutofautiana, nakala moja ina kwaya, nyingine piano, nyingine haina sauti yoyote. Na hatuna budi kushukuru kwamba ipo. Negativu ya asili, yaani filamu ile iliyopita kwenye kamera, iliteketea kwa moto, na kwa miongo mingi watu waliitazama kwa matoleo yaliyoungwaungwa, mpaka mwaka 1981 nakala ya toleo la mwanzo ilipopatikana katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo, Norwe. Mtu aliyeiona kwa kanda kabla ya hapo na kuiona ya kawaida tu huenda alisema kweli kabisa.

Jambo la umbo la picha mlilizungumza sana, nami nitalipitia kwa kifupi. Filamu za CinemaScope, zilizoanza mwaka 1953, ni pana mno. Upana wake ni zaidi ya mara mbili ya kimo. Televisheni za zamani zilikuwa karibu mraba. Ili picha ijae kwenye kioo, watengenezaji wa kanda walikata pembeni, na zaidi ya sehemu nne katika kumi za picha hazikuonekana. Mwanachama wetu mmoja mwenye umri mkubwa amebeba tangu ujana wake maoni kwamba filamu fulani ya mapenzi inamwonesha mwanamke mpweke anayeongea peke yake mezani. Mwaka huu aliitazama kwa diski yenye picha kamili, na akamkuta mwanamume ameketi upande wa pili wa meza ile, ambaye hakuwahi kumwona. Alituandikia kurasa nne. Kwangu hayo ndiyo maandishi bora ya mwaka, kwa sababu hakuona haya kukiri kwamba ameipenda filamu kwa miaka mingi kwa sababu isiyokuwemo, na bado anaipenda. Wanaolalamikia mistari myeusi inayobaki juu na chini picha pana ikioneshwa yote nawaomba wayasome.

Naomba pia tusimkimbilie aliye na diski mpya zaidi na kumfanya hakimu wetu. Kwenye Citizen Kane, ya mwaka 1941, tulikuwa na mwanachama mwenye kanda ya zamani aliyesifu mvua inayotiririka dirishani nyuma ya Bernstein, mzee yule anapozungumza na mwandishi wa habari ofisini kwake. Wenye diski ya mwaka 2001 walimwambia anaota. Kumbe picha ya toleo lile ilisafishwa kwa kompyuta kupita kiasi, na mvua nayo ikafutwa kana kwamba ni uchafu. Matoleo yaliyofuata yaliirudisha. Mwenye kanda iliyochoka ndiye aliyekuwa ameona alichokusudia mpiga picha Gregg Toland.

Hapo hapo niseme juu ya chenga. Wengi wetu tumezoea kuita hivyo kila kinachocheza juu ya picha, kwa kuwa tulikua na antena na mawimbi hafifu. Lakini chembechembe za filamu ni kitu kingine, ndizo mwili wa picha yenyewe, kemikali zilizopokea mwanga siku ile ya kupiga. Ukizifuta zote, ngozi ya mwigizaji inageuka nta na nyusi zinayeyuka. Maoni matano mwaka huu yaliishushia filamu alama kwa sababu ya chenga. Nimewaomba wahusika waitazame tena kabla hatujayaingiza kwenye jarida, na watatu tayari wamebadilisha.

Sauti nayo ina habari zake. Vertigo ilipokarabatiwa mwaka 1996, vishindo vya nyayo, milio ya risasi na sauti nyingine ndogondogo zilirekodiwa upya, na watu waliokuwa wakiifahamu filamu ya 1958 walizitambua mara moja na hawakuzifurahia. Tena, kanda na diski za PAL, mmojawapo wa mifumo ya televisheni, huendesha filamu kwa fremu 25 badala ya 24, hivyo ya dakika 100 inakwisha kwa 96 na sauti inapanda kidogo. Mwenye sikio la muziki anasikia, na mwaka huu ametokea kati yetu.

Kutokana na hayo yote, kamati inapendekeza badiliko moja la kanuni. Mtu anapowasilisha maoni, juu kabisa aandike ametazama nakala gani: kanda, diski au faili, toleo la mwaka gani, dakika ngapi, picha kamili au iliyokatwa, na maandishi ya tafsiri yalikuwa ya lugha gani. Nimesikia minong'ono kwamba hii ni njia ya kuwabagua wasio na vifaa vya kisasa. Sivyo, na nisingekubali kuisimamia kama ingekuwa hivyo. Hatudai nakala bora. Tunadai uielezee uliyonayo, ili mwenzako ajue anajibu nini.

Tuliijaribu kanuni hii kwenye miezi mitatu ya mwisho. Wapo waliohofu kwamba tukishaeleza nakala zetu hakutabaki la kubishania. Someni kumbukumbu za kikao cha Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953. Kwa bahati wote tulitazama nakala ya urefu ule ule, zaidi kidogo ya saa mbili na robo. Na ubishi ule sijapata kuuona chamani. Wazee wawili wanasafiri kwenda kuwaona watoto wao mjini, watoto hawana nafasi, na anayewatunza ni mkwe, mjane wa kijana wao aliyefia vitani. Vijana wetu walisema watoto wale si wakatili, wamechoka tu na kazi, na kwamba wazee wenyewe wanalielewa hilo. Wakubwa walisema uchovu hauwezi kuwa kisingizio cha kuwahamisha wazazi kama mizigo. Mmoja wenu alinyamaza kikao kizima, mwishoni akasema anakwenda kumpigia simu mama yake, akatoka. Huo ndio ubishi ninaoutaka, ubishi juu ya filamu yenyewe.

Kwenye kikao kile kijana mmoja alisema filamu ni ya polepole, kamera haisogei, na akajibiwa kwamba hakuielewa. Kweli kamera ya Ozu husogea kwa nadra sana, na kulisema hilo ni kuona vizuri. Namwagiza Katibu aandike kwamba kuanzia sasa neno "hukuielewa" halitakubaliwa kuwa jibu chamani. Mtu akisema filamu imemchosha, aulizwe imemchosha kuanzia wapi. Mara nyingi hapo ndipo penye jambo.

Kuhusu maktaba yetu, hali ya kanda inanitia wasiwasi. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016, na deki zetu mbili zinaishi kwa vipuri vya zile zilizokufa. Bado nasema tusitupe kanda. Matoleo mengine hayajahamishiwa kokote, na kama tulivyoona, iliyochakaa huweza kuwa na kilichofutwa kwenye mpya. Zihifadhini zikiwa zimesimama, zimerudishwa mwanzo, mbali na joto, unyevu na spika zenye sumaku. Kanda yenye ukungu usiiweke kwenye deki, italiharibu na kuambukiza nyingine; ilete kwa mtunza maktaba kama ilivyo.

Wajumbe wawili wa kamati wanamaliza muda wao. Walilinganisha nakala usiku na usiku, fremu kwa fremu, bila kuombwa mara mbili, nami nawashukuru kwa dhati. Uchaguzi wa kujaza nafasi zao utafuata baada ya taarifa ya fedha.

Filamu ya kwanza ya mwaka mpya itakuwa The General ya Buster Keaton, ya mwaka 1926. Tumeichagua makusudi. Haki zake Marekani zimekwisha, yeyote anaweza kuitoa, hivyo iko sokoni kwa nakala za kila namna, safi na zenye giza, za haraka na za taratibu, na muziki usiolingana. Katibu anapitisha karatasi mbili sasa hivi. Ya kwanza ni ya kura juu ya kanuni mpya. Kwenye ya pili, mwenye The General nyumbani aandike ana ya namna gani na ni ya dakika ngapi, na asiye nayo aandike jina lake chini ili tumpangie wa kumwazima.