Mhariri, tuache kusevu JPEG juu ya JPEG

Mhariri naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee hizi picha za kidijitali, manake naona watu wanaziharibu bila kujua na wakija kushtuka ya kwanza haipo tena.

Mtu anapiga picha safi kabisa, anaifungua anaongeza mwanga anasevu kwa jina lile lile, kesho anairudia anakata pembeni anasevu tena, keshokutwa anagusa rangi, na muda wote ni JPEG hiyo hiyo moja, yaani ile aina ya faili ya picha tuliyoizoea. Sasa JPEG (ipo toka 1992) inapunguza faili kwa kuigawa picha kwenye viboksi vya pikseli 8 kwa 8, alafu inatupa vile vitu vidogo ambavyo jicho halivioni kirahisi, hasa kwenye rangi, na ikishatupa imetupa. Mara ya kwanza huoni tofauti, ni kweli, ila ukiediti na kusevu tena inabana kitu ambacho kilishabanwa, ndo hapo anga linaanza kuonesha viboksi na herufi zinazungukwa na uchafu uchafu. Ila wengine nao wanaogopa kupita kiasi, kuifungua tu kuangalia hakuiharibu, wala kuikopi toka folda hii kwenda ile hata mara mia, kinachoumiza ni kusevu upya.

Kama kamera yako, au hata simu, inatoa RAW, yaani data ghafi toka kwenye sensa ya kamera, basi iwashe. JPEG ya kawaida ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, wakati RAW ya biti 14 inazo 16,384, kwahiyo ukitaka kuinua sehemu yenye giza kuna kitu cha kuinua, kwenye JPEG utapata madoa na mistari. Na ninachokipenda zaidi, programu za RAW kama darktable (ya bure hiyo) haziigusi faili ya mwanzo kabisa, zinaandika tu maelekezo pembeni, ukikosea unafuta maelekezo picha ipo vile vile. Tatizo lake ni kwamba kila kampuni ina RAW yake, Canon ana yake Nikon ana yake, ndo maana Adobe walileta DNG, RAW ya pamoja, mwaka 2004 na maelezo yake yako wazi kwa yeyote, mimi kwa kuhifadhi miaka mingi naiamini hiyo.

Unapofanya kazi nzito ya tabaka tabaka sevu TIFF, aina nyingine ya faili ya picha, haitupi kitu. Ni kubwa kweli, picha ya megapikseli 24 kwa biti 16 bila kubanwa ni kama MB 144, lakini hiyo ni kwa zile chache unazozifanyia kazi sio zote. PNG nayo haipotezi, ila iacheni kwa michoro na skrinishoti, kwa picha za kamera inakuwa kubwa bila sababu. HEIC ya kwenye simu inabana kwa kutupa pia, tahadhari ni ile ile ya JPEG. Na jamani kugeuza JPEG iliyochoka kuwa TIFF hakurudishi chochote, inazuia tu isiendelee kuchakaa.

Siichukii JPEG, kwa kutuma na kuweka mtandaoni ndo yenyewe, ila itoke mwisho kabisa, kazi ikishaisha, kwa jina jingine, na ile ya mwanzo ikae folda yake na kopi nyingine kwenye diski ya nje.

Mhariri na nyie mnaweza kusaidia hapa. Mkiomba wasomaji wawatumie picha kwa WhatsApp waambieni watume kama dokumenti, manake zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa njiani na mnachochapa gazetini sio kile mtu alichopiga.

Msomaji wenu