Matangazo ya ufadhili wa utafiti yatufikie mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee vijana wanaotafuta ufadhili wa uzamivu (PhD), na wa utafiti baada ya uzamivu, katika teknolojia na mazingira.

Mwezi uliopita nilikuta tangazo la ufadhili kwenye ubao wa idara yetu, limebanwa kwa pini nne, wino wa muhuri bado mbichi. Muda wa kuomba ulikuwa umekwisha siku tatu nyuma. Kijana ninayemsimamia alilisoma mara mbili, akanyamaza. Huyu kila masika hushinda Jangwani akipima kina cha Mto Msimbazi kwa vifaa alivyounda mwenyewe. Chupa zake za tope zimepangwa chini ya meza yangu. Iliniuma sana.

Nafasi zipo. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya humpokea mtafiti wa uraia wowote mwenye shahada ya uzamivu, ilimradi kwa kawaida hajapitisha miaka 8 ya utafiti tangu aipate. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, hugharimia uzamivu hata kwa wanaosoma hapa hapa Afrika. Lakini maombi ya namna hii hayaandikwi kwa usiku mmoja. Kumpata msimamizi wa kukukubali tu ni kazi ya miezi.

Nawasihi wakuu wa idara watume matangazo kwenye makundi ya WhatsApp siku ileile yanapoingia. Nayo COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iwatengee fungu waliomaliza uzamivu. Wengi wamezama kwenye kufundisha na kusahihisha mitihani, maabara wanaipita tu mlangoni.

Mhadhiri,
Sinza, Dar es Salaam