Barua ya malalamiko: Mama mkwe wangu na changu wa kupaka

Meneja Mkuu,
(jina la kampuni nimeliondoa kwenye nakala hii),
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MGENI WENU KUZUIWA KULA KWA MKONO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi iliyopita usiku, mimi na mume wangu tulimleta mama yake mzazi kula kwenye mgahawa wenu. Mama ni mtu wa Pangani. Amekuja Dar kuwaona wajukuu, na mwanawe alitaka amtoe japo usiku mmoja akale mahali pazuri. Tuliweka nafasi mapema na tukafika kwa wakati. Kijana aliyetuhudumia alimwamkia Mama shikamoo kabla hata ya kutupa menyu, jambo ambalo si la kutegemea sana katika migahawa ya hadhi yenu. Nalitaja hilo mwanzoni kwa makusudi. Huyo kijana simlalamikii, na nisingependa kusikia kwamba barua hii imemgharimu kazi.

Mama aliagiza samaki aina ya changu, wa kupaka, na wali wa nazi. Chakula kilipofika alikuwa ameshatoka kunawa. Akasema Bismillahi, akapandisha kidogo mkono wa buibui, akaanza kula kwa mkono wa kulia kama alivyokula umri wake wote. Hajafika mbali, akatokea msimamizi wa ukumbi, akainama begani kwake na kumwambia kwa sauti iliyofika meza za jirani: "Mama, samahani, humu ndani tunatumia kisu na uma. Wageni wengine wanaangalia." Kisha akausogeza uma karibu na sahani yake.

Mama hakujibu kitu. Alifuta vidole kwa kitambaa, akaweka mikono mapajani, akasema ameshiba. Mume wangu alitaka kusimama, Mama akamtuliza kwa jicho. Tukakaa pale tukisubiri bili huku samaki mzima akipoa katikati ya meza.

Sijui huyo msimamizi wenu amekulia wapi, lakini naamini anajua mkwe ni nani. Kuna maneno mbele ya mama mkwe wangu siyatamki, na kuna namna ya kukaa siikai. Kumpeleka mahali kwa heshima, halafu mtu mwenye umri wa mjukuu wake amfundishe kula hadharani, ni aibu ambayo haifutwi kwa kutuletea "keki ya bure kutoka jikoni", kama mlivyofanya dakika chache baadaye. Keki tuliiacha hapo hapo.

Sasa tuzungumze kama watu wa kazi, maana mimi nafundisha huduma za mezani kwenye chuo cha hoteli. Kila muhula nawapanga vijana mbele ya meza iliyotandikwa: uma kushoto, visu kulia, makali ya kisu yakitazama sahani, bilauri juu ya kisu, mgeni aanze na vyombo vya nje akielekea ndani. Vinywaji humiminwa kutoka kulia kwa mgeni. Mgeni akiweka kisu na uma sambamba juu ya sahani, amemaliza, na akiviacha vimetengana, bado anakula. Hayo yote nayaheshimu, na wanafunzi wangu wasipoyajua hawafaulu. Lakini hata kwa sheria hizo za Kizungu ambazo msimamizi wenu alidhani anazilinda, aliyekosea pale ni yeye.

Kwanza, mezani kwa Wazungu wenyewe mkono haujafukuzwa. Mkate haukatwi kwa kisu, unamegwa kwa vidole. Aspara, ile mboga ya vijiti vya kijani, ikiletwa bila mchuzi, desturi ya zamani inaruhusu kuishika na kuing'ata. Kome na kaa ndio kabisa. Na kwa sababu hiyo pakabuniwa bakuli dogo la maji ya kunawia vidole, lenye kipande cha limau. Bakuli hilo mnalo. Niliyaona mawili kwenye meza iliyokuwa nyuma yetu, ambapo wageni wanne walikuwa wamefungwa vitambaa shingoni wakivunja magamba ya kaa kwa mikono yote miwili, mchuzi ukiwafika viwikoni. Walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Msimamizi yule yule aliwapelekea maji ya limau huku akitabasamu. Kwa hiyo tatizo halikuwa mkono. Ningependa mnijibu kwa maandishi lilikuwa nini.

Pili, somo la kwanza kabisa la huduma, ambalo halihusiani na Ulaya wala Afrika, ni kwamba mgeni harekebishwi mbele za watu. Mgeni akiangusha uma, mnaleta mwingine kimya kimya. Akinywea bilauri ya mwenzake, mnamwekea mwenzake nyingine. Mhudumu anayemwaibisha mgeni ili ukumbi uonekane nadhifu ameharibu chakula cha mgeni huyo, na cha waliosikia pia.

Halafu kuna suala la samaki mwenyewe. Changu ana miiba, na ninyi mlimleta mzima, na kichwa chake, kama inavyopaswa. Samaki wa kupaka ameokwa juu ya makaa, akapakwa tui zito lenye viungo na ndimu, akarudishwa motoni mpaka tui likashika. Nyama yake inaachia mfupa kwa vipande vidogo, na mwiba unajificha ndani ya tui usiuone kwa macho. Kidole kinauhisi kabla haujafika mdomoni, uma haujui. Kumwambia mzee aweke mkono kando na amle changu huyo kwa uma ni kumwambia ahatarishe koo lake ili jirani asichukizwe. Kama hamtaki samaki aliwe kwa mkono, basi mtoeni miiba jikoni mlete minofu. Mkimleta mzima, mmeshakubali mkono.

Kwa haki niseme chakula chenyewe kilikuwa kizuri. Nilionja samaki wa Mama (ndiyo, kwa mkono), na moshi wa makaa ulikuwemo, na tui halikukatika. Mpishi wenu anajua kazi. Wali tu ndio uliopigwa kikombe ukageuzwa katikati ya sahani kubwa, kama keki ya matope ya watoto, ukazungushiwa vitone vya mchuzi ambavyo havikutosha kulowesha hata tonge moja. Lakini hilo ni jambo la ladha, nisiligeuze kesi.

Kinachonikera zaidi ni ukurasa wa kwanza wa menyu yenu. Mmeandika pale, kwa Kiingereza kitupu, kuhusu pepo za kaskazi na kusi, majahazi, karafuu, na urithi wa karne nyingi wa meza ya Waswahili. Sawa. Urithi huo upo kweli. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipopita kwenye pwani hii mwaka 1331, alikaribishwa Mogadishu kwa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na kando yake maziwa mgando, ndimu na pilipili za kuchachusha, na embe. Kisha akafika Mombasa na Kilwa. Wakati huo Uingereza kula kwa uma hakukuwa jambo la kawaida. Miaka karibu 300 baadaye, mwaka 1611, msafiri mmoja wa Kiingereza alikuwa bado anawaeleza wenzake kwa mshangao jinsi Waitaliano wanavyoshikia nyama kwa uma. Siwacheki Waingereza, kila watu na meza yao. Nasema tu kwamba hamwezi kuuza urithi huo sahani kwa sahani, mkauwekea mshumaa na bei, halafu mwenye urithi akiingia mkamwambia mkono wake unachafua ukumbi.

Na mkono huo una adabu zake, tena kali kuliko za uma. Nyumbani kwa Mama, Pangani, chakula hakiguswi kabla mtoto hajapita na birika na beseni, akianzia kwa mkubwa, taulo begani. Unakula kwa mkono wa kulia tu. Tonge linashikwa kwa ncha za vidole, chakula hakifiki kiganjani, na ukikilowesha kiganja utaangaliwa. Unakula upande wako wa sinia, huvuki kwa mwenzako hata kama kipande kizuri kimelala huko. Kitoweo kinasogezwa na mkubwa, naye humsogezea mgeni kwanza. Mwenyeji hamalizi kula kabla ya mgeni, hata kama ameshiba zamani, atachezea punje za wali ili mgeni asione haya kuendelea. Mimi nilipoolewa niliangaliwa kwenye sinia hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyoangaliwa kwenye mtihani wowote wa chuo. Huyo ndiye mtu mliyemfundisha kula.

Jambo jingine, fupi. Bei zenu zote ziko kwa dola, na bili ililetwa kwa dola. Changu wa Mama ni dola 38. Kanuni za Serikali zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutangaza au kutoza bei za bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni. Mume wangu alipouliza, akaambiwa "tunabadilisha kwa kiwango chetu". Kiwango chenu hakina nguvu juu ya sheria. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, nayo ilitoka baada ya kuidai, ingawa hata mtoto wa shule anajua wimbo wa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti.

Ninachotaka hakihitaji kikao kirefu. Nataka barua ya kumwomba radhi Mama, kwa jina lake ambalo mnalo kwenye daftari la nafasi, iandikwe kwa Kiswahili na isainiwe na mtu mwenye jina na cheo, isiwe ya "Uongozi". Msimamizi asifukuzwe, afundishwe. Kama mwalimu hamna, nitakuja mwenyewe asubuhi moja bila malipo, nilete na birika. Na kila mgeni anayeagiza samaki mzima, kaa au kamba, aletewe maji ya kunawa mezani bila kuulizwa ametoka wapi. Birika la shaba na beseni vinapatikana hapa hapa nchini, na naapa watalii watavipiga picha kuliko hivyo vitone vyenu vya mchuzi. Menyu iwe na Kiswahili, bei ziwe kwa shilingi.

Fedha ya changu sitaki mnirudishie. Tulilipa bili yote kwa sababu mpishi hakutukosea. Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Mkikaa kimya, suala la dola nitalipeleka Benki Kuu pamoja na nakala ya bili, na hilo la mkono nitalifanya somo darasani, bila kutaja jina lenu, ingawa wanafunzi wangu kadhaa wanafanya mafunzo kwa vitendo kwenye ukumbi wenu na nadhani watakisia.

Mama amesharudi Pangani. Alipoulizwa na majirani Dar kuna chakula gani, nimeambiwa alijibu kwamba kuna mgahawa mmoja changu wao mzuri sana, ila hauliki.

Wenu katika huduma,

(sahihi)
Mteja, na mwalimu wa huduma za mezani

Nakala: Mume wangu, aliyelipa bili.